Mchaichai uliosimama dirishani haufukuzi mbu

Ule ushauri umeanza kusambaa tena: panda mchaichai chini ya dirisha, mbu watahama nyumba. Si kweli, na unaniudhi kwa sababu mbu huambukiza malaria. Mtu akiamini kwamba mmea unamlinda, neti anaikunja.

Harufu ya mchaichai inatoka kwenye mafuta yenye sitrali kwa wingi, yaani kemikali inayonukia kama limau, na mafuta hayo yamo ndani ya jani. Jani likiwa zima, linaachia kidogo mno. Pita kando ya mmea bila kuugusa, kisha kunja jani moja ulisugue kwa vidole. Tofauti utaipata papo hapo. Nakubali kwamba mafuta yake ya chupa, yakipakwa mwilini, huzuia mbu kwa muda. Lakini hupeperuka haraka, na ukiyapaka bila kuyachanganya na mafuta mengine yanaweza kuunguza ngozi. Laleni ndani ya neti, tafadhali.

Inasikitisha kwamba mmea unasifiwa kwa kazi usiyoiweza, na zile unazoziweza zinafanywa vibaya. Chukua mfano wa chai. Majani hutokoswa kwenye sufuria isiyofunikwa mpaka maji yanakuwa ya kahawia. Jikoni kote kunanukia, kikombeni hamna kitu. Ile harufu inayojaa jikoni ndiyo ladha inayokutoroka. Chemsha maji lita moja kwanza. Chukua mashina mawili, yapondeponde kwa mchi mpaka yapasuke, au funga fundo majani matano sita mabichi. Epua sufuria, tumbukiza, funika vizuri, subiri dakika kumi. Hapo utakunywa mchaichai wenyewe.

Kwenye mchuzi ni shina linalotakiwa, hasa sentimita 10 hadi 15 za chini, palipo peupe na panene. Sehemu hiyo wengi huiacha shambani wakakata majani tu! Bambua maganda magumu ya nje, ponda, tia zima mapema mchuzi unapoanza kuchemka, kisha litoe kabla ya kupakua, maana nyuzi zake hazilainiki hata ukipika kutwa. Ukitaka liliwe, tumia kiini laini tu, kikatwe kwa kukingama, vipande vyembamba kama karatasi. Mashina yaliyobaki yagandishe, harufu hudumu.

Kukausha ni kivulini, penye hewa. Jua kali huondoka na mafuta, ukabaki na majani makavu yanayonuka kama nyasi. Kata vipande vya sentimita mbili tatu, na usivitie kwenye chupa mpaka viwe vinavunjika kwa sauti. Vikiwa na unyevu ndani, vitaota ukungu. Vifuko vya kitambaa vyenye majani hayo hunukisha kabati la nguo. Harufu ikififia, vifinye.

Kwa usafi, jaza majani kwenye chupa ya kioo, mimina siki nyeupe hadi yafunikwe, weka kifuniko cha plastiki kwa kuwa siki hula chuma, na uache wiki mbili. Chuja, changanya nusu kwa nusu na maji, futia sinki na vioo. Jiwe la marumaru usiliguse nayo, siki hulichimba.

Na mche usinunue. Shina bichi lenye kitako chake, likisimamishwa kwenye maji ya sentimita tano yanayobadilishwa kila baada ya siku mbili, kwa kawaida hutoa mizizi ndani ya wiki mbili hadi tatu. Lililokatwa juu ya kitako litaoza tu. Panda penye jua, mche hadi mche sentimita 60. Wakati wa kuvuna vaa glovu, kwa sababu kingo za majani hukata, na uanzie mashina ya nje, usawa wa ardhi, ukiyaacha ya katikati yaendelee kuchipua.