Kanda Ipi, Mkono wa Nani?

Kabla Nat King Cole, mwimbaji wa Kimarekani, hajaanza mstari, huwa kuna pumzi. Ni hewa kidogo inayovutwa karibu kabisa na maikrofoni, midomo inaachana, kisha neno linatoka. Katika toleo moja la Love Is the Thing, albamu aliyoitoa mwaka 1957 na okestra ya Gordon Jenkins, pumzi hiyo naisikia wazi. Katika toleo jingine la albamu hiyohiyo haipo kabisa. Neno linazuka ghafla, kana kwamba anayeimba hana mapafu. Mwimbaji ni yuleyule, siku ya kurekodi ni ileile, fidla ni zilezile. Aliyebadilika ni mtu aliyekaa kati ya kanda na masikio yangu.

Hicho ndicho kiini cha ubishi kuhusu albamu za zamani zinazofanyiwa masta upya, yaani kuandaliwa sauti tena kutoka kwenye kanda za studio, kwa ajili ya wapenzi wa sauti safi. Cole, Frank Sinatra, Ella Fitzgerald, Billie Holiday, Tony Bennett: kazi zao za miaka ya 1950 na 1960 zimerudishwa sokoni mara nyingi mno. Zilitoka kwenye santuri, zikaja kwenye kaseti, CD, SACD (aina ya CD yenye kiwango cha juu zaidi cha sauti) na faili za dijitali, na sasa zimerudi kwenye santuri nzito zenye majalada ya kifahari. Kila toleo hudai kuwa ndilo limetusogeza karibu zaidi na mwimbaji. Wapo wanaoamini madai hayo na kulipa, na wapo wanaosema huu ni ujanja wa kumuuzia mtu mmoja albamu ileile mara tano. Nimewasikiliza wote kwa miaka mingi, na naona wanapigania chombo, ilhali jambo lenyewe liko kwenye kanda iliyotumika na mkono wa fundi aliyeishika.

Watetezi wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri. Santuri iliyonunuliwa dukani mwaka 1957, albamu ikiwa mpya, ilikuwa imekwisha pitia mikono mingi. Gramafoni nyingi za majumbani zilikuwa na sindano nzito na spika ndogo, kwa hiyo fundi wa kukata santuri alipunguza bezi ili sindano isiruke, na pengine akaminya sehemu zenye sauti kubwa ili mifereji isigongane. Mara nyingi hakukata kutoka kwenye kanda ya kwanza bali kwenye nakala yake, na viwanda vya ng'ambo vilipelekewa nakala ya nakala. Kunakili kanda ya sumaku hakukosi gharama. Nakala ya kwanza tu, hata ikitoka kwenye mashine nzuri kama ile ya awali, huongeza ule mvumo wa "shiii" kwa takribani desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kufikia nakala ya tatu, ncha za maneno zimekwisha kufifia na fidla zimekuwa ukungu. Anayesema santuri ya kwanza ndiyo sauti halisi anasahau safari hiyo yote.

Isitoshe, kuna wakati kampuni zenyewe ziliziharibu kwa makusudi. Stirio, yaani sauti ya njia mbili, kushoto na kulia, ilipopendwa, kampuni ya rekodi ya Capitol ilianza mwaka 1961 kuuza rekodi zake za mono, zenye njia moja tu, katika mfumo iliouita Duophonic. Sauti moja iligawanywa mbili, upande mmoja ukapewa bezi na wa pili trebo, kisha upande mmoja ukacheleweshwa kidogo ili msikilizaji adhani anasikia stirio. Baadhi ya albamu za Sinatra zilipitishwa humo. Mtu aliyemjua Sinatra kwa santuri hizo, akaja kusikia mono safi iliyotoka kwenye kanda ya kwanza, hahitaji kubembelezwa aone tofauti.

Kisha kuna kanda za njia tatu, na hapa sitapita haraka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 studio kubwa za Marekani zilikuwa zimeanza kurekodi kwenye kanda yenye njia tatu: okestra kushoto, okestra kulia, mwimbaji katikati peke yake. Kanda hiyo ilichanganywa baadaye kuwa stirio ya njia mbili, na mchanganyiko huo ndio ulioitwa masta. Kwa hiyo hata masta ni nakala. Mwaka 2010 kampuni ya Analogue Productions, yenye makao yake Salina, Kansas, ilianza kutoa mfululizo wa albamu za Nat King Cole. Mafundi Steve Hoffman na Kevin Gray waliruka kizazi kizima cha nakala na kurudi kwenye kanda za njia tatu zilizorekodiwa studio. Kwenye SACD za mfululizo huo, baadhi ya albamu zina hata njia zote tatu kwa mtu mwenye spika tatu. Sauti ya Cole humo imekaribia kiasi cha kuogofya. Unasikia ulimi unavyogusa meno.

Ila kurudi kwenye njia tatu kunazaa swali ambalo watetezi hulipita kimyakimya. Aliyechanganya mwaka 1957 alifanya maamuzi. Aliamua sauti ikae mbele ya fidla kwa kiasi gani, na mwangwi uwe mwingi kiasi gani. Jengo la Capitol kule Hollywood, lililofunguliwa mwaka 1956, lilichimbiwa vyumba vya mwangwi chini ya ardhi. Sauti ilipelekwa humo kwa spika, ikanaswa tena kwa maikrofoni, ikarudishwa juu ikiwa imepanuka. Mwangwi ulioongezwa wakati wa kuchanganya hauko kwenye kanda ya njia tatu. Fundi wa leo akianza na kanda hiyo, lazima aamue upya kila kitu: autie mwangwi mwingine, aupunguze, au aache sauti ikiwa kavu. Akishaamua, ametengeneza mchanganyiko mpya wenye kichwa cha zamani. Mimi naupenda ukaribu ule, siufichi upendo huo. Lakini siwezi kumwambia aliyekua na mchanganyiko wa kwanza, akamsikia Cole akiimba kutoka ndani ya wingu la fidla, kwamba alichokisikia kilikuwa kosa. Ndicho kilichokusudiwa na waliokuwepo.

Sauti ya binadamu ndiyo mtihani mgumu zaidi katika kazi hii. Sikio letu ni jepesi mno kati ya hezi 2,000 na 5,000, na hapo ndipo maneno yanapopata ncha zake. Ukiongeza desibeli moja kwenye eneo hilo la tarumbeta, huenda asitambue mtu. Ongeza hiyohiyo kwa Ella, na ghafla kila "s" inachoma kama sindano. Ipunguze, naye anaimba nyuma ya pazia. Tunajua sauti za watu tangu utotoni, hatudanganyiki kirahisi. Ndiyo sababu toleo linalosifiwa kwa bezi nzito na matoazi yanayometa linaweza kuwa limemharibu mwimbaji, na mtu asilione hilo mpaka azime mashine zake za fahari na kuuliza kama anayeimba ni mtu.

Madhara mawili yanajirudia. La kwanza ni kuondoa mvumo wa kanda kwa programu ya kompyuta. Mvumo huo unakaa palepale panapokaa pumzi na mwisho wa mwangwi, kwa hiyo ukiusugua kupita kiasi unaondoka na pumzi. La pili ni kuminya sauti ili albamu isikike kubwa wakati wote, tabia iliyoshamiri katika miaka ya 1990 na 2000. Sinatra alisogea na kujitenga na maikrofoni kwa makusudi. Aliichezea kama ala, akinong'ona karibu, akirudi nyuma anapopaza. Fundi anayekuja miaka 50 baadaye na kusawazisha mnong'ono na ukelele anafuta kazi ya mwimbaji, hata akiwa na mashine bora kiasi gani.

Ukubwa huo wa sauti ulinipotosha hata mimi. Kwa miezi kadhaa niliamini toleo moja la albamu ya Ella lilikuwa bora kupita mengine yote niliyonayo. Nililisifia kwa kila mtu. Siku nilipopima na kuyasawazisha matoleo mawili yawe na ukubwa mmoja, ubora ule ulitoweka. Lilikuwa limenyanyuliwa desibeli 2 tu. Sikio hutafsiri kilicho kikubwa kidogo kuwa kilicho kizuri zaidi. Tangu hapo siamini hukumu yoyote, hata yangu, isiyotanguliwa na usawazishaji huo.

Wapinzani wana ushahidi wao, na si wa kupuuzwa. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa kupitisha sauti ya SACD katika kiwango cha CD ya kawaida, yaani biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, na kuwauliza wasikilizaji kama wanaona tofauti. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,000 na kukuta wasikilizaji wanapatia kwa takribani asilimia 52. Tofauti ipo, basi, lakini ni nyembamba, na walioifanyia mazoezi huipata kirahisi zaidi. Anayemuuzia mtu SACD kwa hoja ya namba kubwa tu anauza kitu chembamba sana.

Hata hivyo Meyer na Moran waliandika jambo jingine ambalo wapinzani hulisahau wanapowanukuu: SACD nyingi walizotumia zilisikika vizuri kuliko CD nyingi za kawaida. Walieleza sababu yake kuwa ni uangalifu wa mafundi, waliokuwa wakiandaa sauti kwa wasikilizaji wachache wenye vyombo vizuri bila kusukumwa waifanye kubwa. Kwangu mimi sentensi hiyo ina uzito kuliko yale majaribio 554. Toleo la wapenzi wa sauti linaweza kuwa bora kweli, kwa sababu isiyo ile iliyoandikwa kwenye jalada.

Jambo la MoFi lilikuja kuweka hilo hadharani. MoFi ni Mobile Fidelity Sound Lab, kampuni ya santuri ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1977; ilijenga jina lake kwa santuri zinazotangazwa kuwa zimetoka kwenye kanda ya kwanza. Wengi walizinunua wakiamini hazijaguswa na dijitali hata chembe. Julai 2022 mwenye duka la santuri mjini Phoenix, Arizona, alisema kwenye video kwamba ameambiwa vinginevyo, na muda mfupi baadaye mafundi wa kampuni wakakiri: kanda nyingi zilihamishiwa kwanza kwenye mfumo wa dijitali uitwao DSD, kisha santuri zikakatwa kutoka humo. Gazeti la Washington Post lilieleza kuwa hatua hiyo ilianza mwaka 2011, na ya kwanza ilikuwa albamu ya Tony Bennett ya mwaka 1962, I Left My Heart in San Francisco. Wateja walifungua kesi, ikaishia kwenye mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola milioni 25.

Kwa miaka 11, basi, watu wanaoapa kwamba dijitali huua roho ya sauti walikuwa wakizisifia santuri zenye dijitali ndani yake, wakizitumia kama ushahidi wa kwamba analogi, yaani sauti isiyopitia dijitali, haina mfano. Masikio yao hayakuwadanganya. Sauti ilikuwa nzuri kweli. Nadharia yao ndiyo iliyoanguka. Hapo wapinzani walishangilia, nami nawaelewa. Ila siwezi kushangilia nao hadi mwisho, kwa sababu mnunuzi hakulipia mawimbi ya sauti peke yake. Alilipia njia iliyotumika, baadhi yao dola 125 kwa albamu moja ya toleo la kifahari, na njia hiyo hakuambiwa. Sauti nzuri haifuti deni hilo.

Tena hatua ile ya DSD, ingetangazwa wazi, ningeitetea. Kanda hizi zinazeeka. Zile za asetati zinakauka na kukatika, na kila zinapopitishwa kwenye mashine zinaongezewa hatari. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala la kanda katika Universal Studios Hollywood. Mwaka 2019 New York Times ilipoandika ukubwa wa hasara, kampuni ilipinga makadirio, lakini kwamba kanda ziliungua hakuna anayebisha. Kuihamisha kanda mara moja kwa uangalifu mkubwa, kisha kufanyia kazi nakala hiyo, ni busara kuliko kuikokota upya kwa kila santuri ili tu jalada liandikwe analogi tupu.

Kwa hiyo ninaponunua sasa natafuta kwanza jina la fundi, kisha maelezo ya kanda: ni ya njia tatu, masta ya wakati ule, au nakala yake, na kama mvumo umesuguliwa. Toleo lisilosema lolote kati ya hayo naliacha, hata liwe na namba ya nakala iliyochapwa kwa dhahabu pembeni.

Na kuna albamu moja ambayo kwayo nimeacha kabisa kutafuta usafi. Billie Holiday alirekodi Lady in Satin Februari 1958, katika studio ya Columbia ya barabara ya 30 mjini New York. Mwaka uliofuata, Julai, alifariki. Sauti yake humo imekwaruzika, inapasuka katikati ya maneno, inachelewa kuufikia mstari. Ninayo nakala iliyosafishwa mpaka hakuna mvumo hata kidogo, na mikwaruzo ya koo imelainika pamoja nao; anasikika mzima wa afya. Ninayoisikiliza ni ile nyingine, yenye "shiii" mwanzo hadi mwisho, ambamo namsikia anavyovuta hewa.