Anayezima masasisho ya Windows si mzembe

Wataalamu wa usalama wa kompyuta wakisikia kwamba mwenye saiba fulani (duka la huduma za intaneti) Nakuru amezima masasisho ya Windows, humwita mzembe. Wana sababu. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la usalama, cha kuziba tundu fulani la Windows. Mei 12 mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapitia tundu hilo na kufunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150, yakiwemo ya hospitali za Uingereza. Kompyuta iliyokuwa na kiraka hicho haikuingilika kwa njia hiyo.

Sasa keti kwenye saiba hiyo tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Foleni imefika nje. Kompyuta ni ya mtumba, RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni 4GB, na diski ni ile ya zamani inayozunguka. Ukurasa wa iTax, tovuti ya KRA ya kodi, unaganda katikati. Ukifungua Task Manager, dirisha linaloonyesha ni nini kinachoitumia kompyuta, diski imegonga asilimia 100, na anayeila ni Windows anayejisasisha, akisoma na kuandika vifaili vidogo vidogo bila kupumua. Mteja hayaoni hayo. Anachoona ni saiba yenye mashine mbovu, basi anahamia ya jirani. Na bando la asubuhi nalo limekwisha.

Tena malalamiko kwamba masasisho hupunguza kasi hayakuzuliwa na watu wa saiba. Januari 2018, Microsoft ilipokuwa ikiziba udhaifu wa chipu uliopewa majina Spectre na Meltdown, yenyewe ilisema inatarajia wengi wanaotumia Windows 7 na 8 kwenye kompyuta za enzi ya 2015, zenye chipu za Intel za kizazi cha Haswell au za kabla yake, wataona kasi ikishuka. Kwa chipu mpya zenye Windows 10, tofauti ingekuwa ndogo mno kuonekana. Hilo ndilo linaloniuma. Kinga ni moja, lakini gharama yake ilizidi kadiri mashine ilivyochakaa, kwa hiyo aliyejinyima akanunua mtumba Kisumu ndiye aliyelipa zaidi. Kisha Oktoba 14, 2025, msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma, na Windows 11 haizitambui rasmi chipu nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Hata aliyesasisha kwa utiifu miaka yote anaambiwa atafute mashine nyingine.

Kuzima kabisa siungi mkono, kwa sababu kwenye kompyuta hizo watu huandika nywila za iTax na nambari za vitambulisho. Kuahirisha hadi usiku baada ya kufunga, hapo nipo na mwenye saiba. Akipata pesa, aanze na diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka. Itamfaa kuliko mawaidha yote anayopewa. Lakini mzigo mkubwa ni wa watengenezaji: viraka vya usalama vije peke yake, vikiwa vyepesi, bila kubebeshwa mapambo ambayo mashine ya 4GB haikuyaomba.