Ami hakukosea kuhusu tope

Kaskazi ikishika, bahari ya Malindi hubadilika rangi. Tope la mto Sabaki, ambalo wakati wa kusi husukumwa upande wa Mambrui na Ngomeni, hugeuzwa na upepo likaja kulala kwetu, na maji ya ufuoni yakawa kama chai ya maziwa iliyosahauliwa kikombeni. Mgeni akiuliza, vijana wa ufuoni humwambia asijali, tope ni dawa ya ngozi.

Tope hilohilo ndilo lililoharibu semina. Ni miaka kadhaa sasa. Tuliitwa hotelini, wavuvi, mama karanga wanaokaanga na kuuza samaki, na wazee wa mtaa, na ami yangu, nahodha aliyestaafu, akakaa mstari wa mbele. Kijana mmoja mwenye tai akaweka ukutani picha ya ufuo wetu ukiwa na rangi ile ya chai, akasema: haya ndiyo mabadiliko ya tabianchi. Ami akanyanyua mkono.

"Mwanangu, mto huu watoka wapi?"

"Bara, mzee."

"Bara wapi?"

Kijana akatazama karatasi zake. Ami akamsaidia: juu kabisa unaitwa Athi, unateremka Ukambani, ukikutana na Tsavo unakuwa Galana, na huku mwisho ndio Sabaki. Akaeleza kwamba alipokuwa baharia mdogo tope halikuwa jingi hivi, na babu zake walisema lilikuwa dogo zaidi. Likaongezeka kadiri vilima vya huko juu vilivyokatwa miti na kulimwa. "Sasa nambie, hilo ni joto au ni jembe?"

Kijana akasema swali zuri, tutalirudia baada ya chai. Hatukulirudia. Tulikunywa chai, tukatia sahihi, tukapewa nauli. Tangu siku hiyo mtu akitamka "tabianchi" mbele ya ami, yeye hutikisa vidole kama anayehesabu noti.

Wapo wanaodhani mzee kama huyu anapinga kwa sababu hakusoma. Si kweli. Anapinga kwa sababu jambo moja analolijua vizuri kuliko mtu yeyote mle ukumbini aliambiwa visivyo, na alipouliza hakujibiwa. Ningekuwa yeye nami ningetia shaka. Ninachogombana naye ni kule alikoifikisha shaka hiyo.

Maana barazani, kahawa ikishamiminwa, mambo huwa mengine. Joto lilikuwapo tangu enzi, atasema. Mafuriko ya 1961 yalikuja na hakuna aliyetaja tabianchi. Ya 1997 vilevile. Na Oktoba 2023 si Rais William Ruto mwenyewe alisema El Niño haitakuja kwa ukali ule uliohofiwa? Mwezi uliofuata barabara zikakatika, na mafuriko ya msimu ule yakaua watu zaidi ya mia nchini. "Mvua ya mwezi ujao hawaijui, watajua joto la mwaka 2100?" Hapo baraza zima hucheka, na mimi huwa nimeshindwa kwa kicheko kabla sijafungua mdomo.

Lakini jibu analo mwenyewe. Ami bado anahesabu miongo tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, kama wazee waliomfundisha. (Mwongo wa siku kumi, si mwongo yule mwingine, ingawa siku hizi wazee wanalalamika kwamba hata miongo inadanganya.) Muulize kesho saa sita upepo utakuwaje, atakwambia Mungu ndiye ajuaye. Muulize Julai kutakuwa na kusi au kaskazi, atakutazama kama mtoto. La kesho humshinda, la miezi mingi mbele analijua, na wala haoni ajabu. Mtabiri wa mvua na mpimaji wa joto la karne wanafanya kazi mbili tofauti kwa namna hiyohiyo.

Halafu kuna tumbawe. Hili nilimwekea akiba muda mrefu, nikingoja siku ambayo hakuna watu.

Katika hifadhi yetu ya baharini, ile iliyotengwa mwaka 1968, yamo matumbawe makubwa ya mviringo yanayokua taratibu sana, kama sentimita moja au kupita kidogo kwa mwaka, tabaka juu ya tabaka. Wanasayansi walitoboa mojawapo wakachomoa kijiti cha jiwe, wakahesabu tabaka zake miaka 194, tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Kila tabaka lina oksijeni nzito na oksijeni nyepesi, na kiasi cha hiyo nzito hupungua maji yanapopata joto. Kwa hiyo jiwe limeandika joto la bahari yetu mwaka hadi mwaka, kabla ya semina, kabla ya Mwingereza kuingia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Julia Cole alikuwa kiongozi wa kazi hiyo, na miongoni mwa waandishi alikuwamo Mkenya, Nyawira Muthiga. Walichokisoma ni kwamba bahari ya Malindi ilikuwa imeongezeka joto kwa hadi nyuzi 1.3 tangu mwanzo wa miaka ya 1800.

Ami akasema: joto hupanda na kushuka. Ndiyo, na tumbawe linasema hivyohivyo. Linaonyesha miaka ya moto na miaka ya baridi ikipokezana, kwa mwendo unaofuatana na El Niño, kule kupata joto kwa bahari ya Pasifiki mbali huko. Lakini mtu akisimama ufuoni maji yakijaa, ataona kila wimbi linakuja na kurudi. Anaweza kuapa kwamba bahari haiendi popote, ni kuja na kurudi tu. Aliyeacha viatu vyake mchangani ndiye atakayejua.

Kuna jambo jingine lililonifanya nimpende mzee huyu zaidi. Mwaka 2007 ikatoka kazi nyingine, ya matumbawe ya hapahapa Malindi, safari hii wakisoma miaka 300. Hawakupima joto. Walipima bariamu, madini yanayoletwa na udongo wa mtoni. Wakakuta kwamba kuanzia 1700 hadi 1900 udongo wa Sabaki ulikuwa karibu kiasi kilekile, kisha ukaanza kupanda na kuendelea kupanda, watu walipoongezeka na ardhi ya juu ikatumika zaidi. Yaani jembe. Ami alikuwa sahihi, na jiwe ni shahidi wake.

Na tazama majina. Cole yumo katika kazi zote mbili, na baadhi ya wenzake pia. Watu walewale waliosema bahari imepata joto ndio waliosema tope ni la jembe. Kama kazi yao ingekuwa kutia tabianchi kila mahali kama pilipili, tope lilikuwa fursa nzuri. Hawakuitumia. Kijana mwenye tai ndiye aliyeitumia.

Nilimuuliza ami: unapoingiza chombo kwenye mlango ambao mchanga wake unahama, unafanya nini? Unatupa bildi, ile kamba yenye kipande cha risasi ya kupimia kina. Humuulizi aliyeifua risasi yake ni dini gani, wala nani alimlipa. Unasoma kamba, unatazama kilichonata chini, mchanga au tope, kisha unamuomba Mungu na kushika usukani, vyote viwili kwa pamoja. Sijawahi kumsikia nahodha akisema kwamba kutupa bildi ni kukosa imani. Basi kwa nini joto peke yake ndilo liwe kufuru kulipima?

Akanyamaza kidogo, kisha akaja na lile swali ambalo nadhani ndilo lililokuwa chini ya yote. "Haya, joto lipo. Sisi tulichoma nini?"

Hapo sikuwa na la kumpinga. Kabla ya viwanda, hewa ilikuwa na kaboni dioksidi sehemu kama 280 katika kila milioni. Vipimo vya mlima Mauna Loa, kule Hawaii, vilipoanza mwaka 1958 zilikuwa karibu 315, na leo zimepita 420. Kaboni hiyo ina alama ya mafuta na makaa yaliyochimbwa ardhini, haifanani na ile inayopumuliwa na volkano. Wala si jua: jua lingekuwa limezidi ukali, hewa ya juu kabisa ingepata moto pia, kumbe kule juu kunapoa huku chini kukipata joto. Marekani peke yake imetoa takriban robo ya kaboni dioksidi yote iliyotokana na kuchoma mafuta na makaa tangu viwanda vianze. Wanasayansi wa Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, wenyewe walikuwa wameshakokotoa ongezeko la joto tangu miaka ya 1970, huku kampuni yao ikiendelea hadharani kutia watu shaka. Zile video zinazozunguka kwenye simu zetu, zenye sauti nzito na muziki wa kutisha, zinarudia shaka hiyohiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya kulinda mali ya watu wengine. Ami anaisambaza bure.

Hili lilimuuma, nililiona. Hapendi kutumikia mtu bila kujua.

Alimimina kahawa iliyobaki, nusu kwake nusu kwangu. Nikadhani atarudi kwenye El Niño ya Rais. Akauliza: "Na hilo tundu walilolitoboa, waliliziba?"

Nikamwambia desturi yao ni kuziba kwa saruji, tumbawe likafunika likaendelea kukua. Kama lilipona mwaka 1998, kwa sababu mwaka ule maji yalipata moto matumbawe yakageuka meupe, na mengi yakafa.

"Mwaka ule naukumbuka. Mwamba ulikuwa kama umepakwa chokaa." Akaweka kikombe chini. "Jumamosi bamvua, maji yatatoka mbali. Twende tukaitafute hiyo saruji. Tiketi ya hifadhi utalipa wewe, uliyesoma."