Mashine imelala miaka: uifufue kwanza ama uuze boti vile ilivyo?

Kila kusi ikiisha hapa Lamu utasikia kuna boti inauzwa, ya mbao au ya faiba, ndani ina mashine ya dizeli haijawashwa tangu mwenyewe ahamie Mombasa au tangu mzee afariki, na mabishano barazani ni yale yale, iwashwe kwanza ndio iuzwe ama iende vile ilivyo mnunuzi ajijue.

Wanaosema iwashwe wana hoja. Mtu wa Kizingitini akija kununua anataka kujua jambo moja tu, hii kesho itanipeleka nje au naanzia kwa fundi? Ikikaa kimya ataihesabu skrapu hata kama ni nzima, akupe bei ya boti tupu, tena akukate na gharama ya kuing'oa.

Wanaopinga nao siwalaumu, manake yaliyompata ami yangu niliyaona kwa macho. Mashua yake ilikaa miaka mitatu, mnunuzi akaja, fundi akafunga betri mpya akapiga stata, haishiki, akapiga tena na tena, na hakuna hata mmoja wetu aliekumbuka kufunga vali ya maji ya bahari. Mashine ikizungushwa pampu inavuta maji hata kama haijawaka, sasa kwa vile hakuna moshi wa kuyasukuma nje yakajaa kwenye ekzosi mpaka yakarudi ndani ya silinda. Maji hayabinyiki, pistoni ilipopanda konrodi, ule mkono unaoisukuma pistoni, ikapinda. Na pengine ilikuwa inataka kutolewa hewa kwenye dizeli tu, basi.

Lakini mimi naona kosa halikuwa kuiwasha, ilikuwa ile haraka. Toa noseli kwanza, zile za kupulizia dizeli ndani ya silinda, mimina oili nyepesi na dizeli kidogo kila silinda, iache siku kadhaa, halafu ishike kwa spana kwenye puli ya mbele uizungushe kwa mkono pole pole, stata usiiguse. Hapo hujatumia pesa ya maana. Ikizunguka vizuri, izungushe bado noseli ziko nje ili ile oili yote itoke (ikibaki nayo ni balaa kama maji), ndio sasa utoe pesa: oili na filta mpya, dizeli ya zamani imwagwe yote kwa sababu chini ya tanki utakuta maji na ute mweusi, na impela ya pampu ya maji, ule mpira ukikaa mabawa yake hukakamaa yakakatika.

Wiki ikipita na haijazunguka, mimi ningeacha. Ovaholi ya kuuzia sijaona ikirudisha pesa, spea mpaka Mombasa kama zipo, na wanunuzi wengi siku hizi wanagonga mbao na kuangalia mkuku, ule uti wa chini wa boti, kwanza, wakishachukua wanafunga Yamaha ya nyuma, mashine ya kuning'inia nje, wanaenda zao. Mwambie mnunuzi mashine imekwama haizunguki, umejaribu hivi na hivi, shusha bei.

Halafu kuna wale huiwasha alfajiri kimya kimya ili mnunuzi akija saa nne iwe ishapata moto istati mara moja. Mnunuzi anaejua huweka kiganja juu ya mashine hata salamu hazijaisha. Iache baridi bana, iwashe mbele yake, ikitoa moshi mwambie ndio kwanza imeamka, twende Mokowe na kurudi. Mkirudi bado inafuka, huo moshi ni wako, utoe kwenye bei.