Kibali cha kuchangishia wasioona kinamlinda nani?

Jumamosi, stendi kuu ya Moshi, basi la Arusha halijajaa. Akapanda kijana na kiboksi cha mbao chenye kufuli, shingoni karatasi iliyofunikwa plastiki: "Changia wasioona." Mzee asiyeona niliyekaa naye akasikia sarafu zinavyogonga mbao, akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee. Wasioona wa wapi hao?" Muhuri ulikuwa umefifia, jina la chama halisomeki. Abiria walikuwa wanatoa tu, mia tano, elfu.

Kwa hiyo nawaelewa wanaodai kila anayechangisha kwa jina la wasioona awe na kibali. Uingereza walifika huko mwaka 1920: sheria yao ya wasioona ilizuia kuomba umma michango kabla taasisi haijasajiliwa, kwa utaratibu waliouweka 1916 kwa michango ya vita. Mwaka 1939 ikaja leseni ya wanaopita nyumba kwa nyumba. Jina la asiyeona hufungua mifuko haraka, naye mwenyewe hamwoni anayelitumia.

Ila kibali nacho kina gharama. Sheria yetu ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inataka taarifa ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Shirika lenye mhasibu litaweza. Tuseme ni akina mama kumi wasioona wa Pasua, hapa Moshi, wanataka karatasi za nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, za watoto wao: malipo ya mkaguzi yanaweza kumeza mchango wote. Ongeza nauli ya bodaboda, tena ya watu wawili kwa sababu lazima awepo wa kukushika mkono, halafu unafika ofisini unaambiwa njoo kesho. Hao watakata tamaa. Mwenye muhuri wa kuchonga hatakata.

Mimi nauunga mkono usajili, lakini ufanyike kwenye ofisi ya kata, bila malipo. Kiboksi kifunguliwe mbele ya wasioona wenyewe na hesabu isomwe kwa sauti. Namba ya simu ya kupokelea michango iwe ya kikundi, isiwe ya mtu.

Na kibali kiandikwe pia kwa nukta nundu. Mzee yule anasoma kwa vidole. Aliiomba ile karatasi, akaipapasa mbele na nyuma, plastiki laini tupu, akamrudishia kijana.