Shabaha Yako Nayo Inasaidiwa

Sikio langu la kushoto halisikii tangu nilipougua homa ya uti wa mgongo nikiwa darasa la tatu. Katika shughuli za kila siku nimekwisha kulizoea: kwenye daladala hutafuta kiti cha dirishani upande wa kushoto ili kondakta na abiria wenzangu wabaki kulia kwangu, na kwenye shughuli za ukoo huchagua pa kukaa kwa kupima nani ningependa kumsikia na nani la. Mahali ambapo sikio hili liliniumbua hasa ni kwenye banda la gemu la mtaani kwetu, Tanga, tulikokuwa tukichangishana sarafu kucheza gemu za risasi. Hedifoni ilikuwa moja, mkanda wake umefungwa kwa selotepu, na aliyeshika pedi ndiye aliyeivaa. Kwangu mimi kila adui alitokea kulia. Nikisikia nyayo nageukia kulia, na ninapigwa risasi ya kisogo kutoka kushoto, huku waliokaa benchi la nyuma wakishangilia kwamba zamu yangu imekwisha mapema kama kawaida.

Nilichukua miaka kuelewa kwamba sikuwa mchezaji mbovu kiasi kile. Gemu ya risasi huugawa mlio kati ya masikio mawili ili mchezaji ajue unakotoka, kwa hiyo nyayo za mtu aliye kushoto kabisa huingia zaidi katika sikio ambalo kwangu ni mlango uliofungwa. Mipangilio ya sauti yenye kuunganisha pande zote mbili kuwa moja hunisaidia kusikia mazungumzo ya wahusika, lakini inaufuta mwelekeo wenyewe, na katika gemu ya aina hii mwelekeo ndio kila kitu. Kilichonifaa kilikuwa picha. Gemu ya Fortnite, kwanza kwenye simu mwaka 2018 na baadaye kwenye mashine nyingine, iliweka mpangilio unaoonyesha sauti kwa alama zilizopangwa duara katikati ya skrini: nyayo, milio ya bunduki na masanduku ya hazina, kila moja ikiwa upande inakotokea. Siku ya kwanza nilipouwasha niligeuka kushoto kabla sijapigwa. Jambo dogo, lakini lilikuwa la kwanza kunitokea maishani.

Mpangilio huo hutumiwa pia na wachezaji wengi wenye masikio yao mawili mazima, kwa sababu una manufaa, na hapo ndipo lawama inapoanzia. Jamaa mmoja, mchezaji hodari na mtu mwema kwa mambo mengine yote, aliniambia kwamba huko ni kuchiti: anayeona sauti amepewa kitu ambacho mchezo haukumkusudia. Hoja hii nimeisikia kwa sura nyingi, kwamba urahisi wanaowekewa watu wenye ulemavu unaharibu ushindani. Nadhani ni hoja ya mtu ambaye hajawahi kujiuliza risasi zake mwenyewe zinampataje adui.

Kijiti cha pedi ni chombo kibaya cha kulengea shabaha. Kidole gumba kinakisukuma kwa masafa ya sentimita moja hivi, na hakiwezi kushindana na kipanya kinachotembea juu ya meza kwa nguvu ya mkono mzima. Wahandisi walilijua hilo, na gemu ya Halo ilipotoka mwaka 2001 pamoja na Xbox ya kwanza, mashine ya gemu ya Microsoft, sehemu ya siri ya utamu wake ilikuwa msaada uliofichwa: alama ya shabaha ilipunguza mwendo ilipopita juu ya mwili wa adui, na risasi iliyokosea kwa unywele ilihesabiwa kuwa imepata. Leo msaada wa namna hiyo umo katika gemu nyingi za risasi zinazochezwa kwa pedi, na kwa kawaida huwa umewashwa tangu siku ya kwanza. Jamaa yangu hucheza nao miaka yote na hajawahi kuuita huruma. Kila aliyeshika pedi anasaidiwa. Tofauti ni kwamba msaada wake ulikatwa kwa kipimo cha mikono yake, macho yake na masikio yake, ndiyo maana hauoni.

Kuna ugumu wa mchezo na kuna kizuizi, na watu huvichanganya. Kumvizia adui, kujua ramani, kutulia moyo unapodunda, huo ndio ugumu tunaoulipia. Kulazimika kushikilia kitufe cha nyuma cha kushoto ili ulenge, kubonyeza cha kulia ili ufyatue, huku vidole gumba vyote viwili vikiwa juu ya vijiti na kimoja kikitakiwa pia kukibonyeza kijiti ndani ili uchuchumae, huo ni utaratibu tu wa vidole, na haumpimi mtu lolote kuhusu akili ya vita. Rafiki yangu wa siku nyingi alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye mashine ya kuranda mbao. Kabla ya hapo alikuwa akitushinda sote, na baada ya hapo bado aliwaona maadui kabla yetu na kupiga kelele, “Yuko ghorofani, dirisha la pili!” wakati sisi tukitafuta ngazi. Alichohitaji ni kubadilishiwa nafasi za vitufe, na kubonyeza mara moja badala ya kushikilia. Ni kazi ndogo kwa waandishi wa programu, na ninashindwa kuelewa kwa nini hadi leo zipo gemu zinazotoka bila hayo.

Ajabu ni kwamba nafuu yake aliipata kwenye simu, ambako wengi wetu huku tunachezea. Call of Duty: Mobile ina mpangilio ambao bunduki hujifyatua yenyewe alama ya shabaha ikishamfikia adui, na PUBG Mobile inakuwezesha kulenga kwa kuinamisha simu, mbali na kuonyesha kwenye ramani ndogo upande zinakotoka nyayo na risasi. Sidhani kama waliotengeneza hayo waliwafikiria watu kama sisi kwanza. Walikuwa wanapambana na ufinyu wa kioo na watu wanaocheza garini bila hedifoni. Hata hivyo yeye huilaza simu mezani juu ya kitambaa kilichokunjwa, mkono wa kushoto ukitembeza na kulenga, na wa kulia ukibakiwa na kazi mbili tu.

Mfano wa waliokusudia upo. Gemu ya The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ilitoka na mipangilio zaidi ya 60 ya ufikivu, yaani ya kuwawezesha wenye ulemavu kucheza, na wapo wachezaji wasioona kabisa walioimaliza, wakiongozwa na milio inayotofautisha ukingo, kitu cha kuokota na adui. Kwa mwenye uoni hafifu, mazingira hugeuzwa kijivu, wenzako wakawa rangi ya buluu na maadui nyekundu. Mipangilio hiyo unaulizwa mwanzoni kabisa, kabla hujazama gizani kuitafuta, na hili kwangu lina uzito kuliko idadi yake. Rangi pekee ni somo refu: miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mmoja kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na bado kuna gemu inayomtaka amtambue rafiki na adui kwa rangi hizo hizo.

Nakubali kwamba hiyo ni gemu ya mtu mmoja, ambako shabaha ikijishika yenyewe hakuna anayedhulumiwa. Mtandaoni mambo ni mazito zaidi. Siombi bunduki inayomnasa mpinzani yenyewe katika mashindano, wala sijamsikia mwenzangu mwenye ulemavu akiiomba. Lakini vita dhidi ya wadanganyifu vimeanza kuwapiga wasiohusika. Mwaka 2023 Call of Duty iliimarisha ulinzi dhidi ya vifaa vinavyochomekwa kati ya pedi na mashine ili kuituliza bunduki isiruke, na mwishoni mwa mwaka huo huo Microsoft ikaanza kuvizuia kwenye Xbox vifaa visivyoidhinishwa. Wadanganyifu wapo, tena wanachukiza. Ila baadhi ya watu wenye ulemavu walikuwa wameunganisha kwa vifaa hivyo hivyo pedi au vijiti vilivyotoshea miili yao, wakajikuta wamefungiwa nje pamoja na wezi. Ningependa ulinzi uchunguze mwenendo wa bunduki, uone kama inatulia kuliko mkono wa binadamu unavyoweza, badala ya kukagua kilichochomekwa.

Wataniambia vipo vifaa vilivyoidhinishwa. Ni kweli, na ni vizuri: Xbox Adaptive Controller ya mwaka 2018 ina vitufe viwili vikubwa na matundu 19 ya kuchomekea swichi za kubonyezwa kwa goti, kiwiko au kidevu, na Sony ilileta pedi yake ya Access mwaka 2023. Bei zilipotoka zilikuwa karibu dola 100 na dola 90, na kwa hiyo ya kwanza swichi zenyewe hununuliwa kando. Rafiki yangu aliniuliza bei, nikamtajia, akacheka na kuendelea kukunja kitambaa chake.

Wiki iliyopita simu yake ilijiboresha usiku, na vitufe vyote alivyovisogeza kwa miezi vikarudi mahali pake pa kiwandani. Alitumia jioni nzima kuviburuta upya kimoja kimoja, akijaribu, akikosea, akirudia. Alipomaliza aliniita tucheze. Yeye hukaa kulia kwangu bila kuambiwa, na tulipoanza tu akanong'ona, “Kushoto kwako, nyuma ya gari.”