Hodi Inayosikika Kabla ya Sentineli

Hapa Lubumbashi mwenye mali huweka sentineli kwenye geti la lupango, na mwenye seva huweka fayawoli. BPFDoor, programu hasidi inayojificha kwenye seva za Linux, inatukera mafundi kwa sababu fayawoli ya seva inaweza kukataa kila kitu na mtu bado akaingia.

Mwenzangu anayetunza seva za duka la vipuri ameshika msimamo mmoja: vichujio vya soketi, yaani kanuni zinazochagua data ipi ya mtandao programu isikie, vipigwe marufuku kwenye mashine zetu zote. Mwanzoni nilikuwa upande wake.

Kichujio chenyewe hakina kosa. BPF (Berkeley Packet Filter) ilielezwa mwaka 1993 na Steven McCanne na Van Jacobson wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, ili anayechunguza mtandao apewe na keneli, kiini cha mfumo wa mashine, zile pakiti (vipande vya data) alizoomba tu, asizame katika mafuriko ya zote. tcpdump, chombo chetu cha kutazama pakiti, inasimama juu ya kazi hiyo. Hata baadhi ya programu za DHCP, zinazoiombea mashine anwani ya mtandao, hupitia humo, kwa kuwa mashine inayoomba anwani bado haina anwani ya kuongea nayo.

BPFDoor, iliyoanza kujulikana hadharani mwaka 2022, imegeuza msaada huo kuwa mlango wa uani. Inapovizia haifungui poti yoyote, yaani mlango wa mtandao. Inafungua soketi ghafi, sikio linalopokea pakiti moja kwa moja, inabandika kichujio, kisha inalala. Soketi ya namna hiyo hupata nakala ya pakiti kabla kanuni za fayawoli ya seva hiyo hazijaigusa. Ikipita pakiti yenye baiti za siri, programu inaamka, inakagua nywila na kumkabidhi mvamizi mstari wa amri. Sentineli amfukuze mgeni atakavyo. Aliye ndani amekwisha kusikia hodi.

Na si mchezo wa maabara. Mwaka 2025, kampuni ya simu SK Telecom ya Korea Kusini ilipovujisha data za laini za wateja karibu milioni 27, BPFDoor ilikuwa miongoni mwa programu hasidi zilizokutwa kwenye seva zake. Mwenzangu hutaja kisa hicho kila tukibishana, kisha anauliza: seva ya duka inahitaji soketi ghafi ya nini? Hapo ana haki kabisa. Kwenye kontena, yaani kasha linalotenga programu na mashine, ruhusa ya kufungua soketi hizo (CAP_NET_RAW) inaweza kuondolewa na programu nyingi za mauzo zisihisi chochote.

Ninapoachana naye ni kwenye mashine yenyewe. BPFDoor inahitaji mamlaka ya ruti, msimamizi mwenye ruhusa zote, na aliyekwisha kuwa ruti atajirudishia karibu kila ulichomnyima. Marufuku itamchelewesha kidogo, lakini sisi itatunyima tcpdump na kutupofusha siku intaneti ikikwama saa nane za usiku. Afadhali jasho hilo liende kwenye nywila zilizozoeleka na programu ambazo hazijasasishwa tangu mwaka juzi, maana ruti huibiwa huko.

Kuna na suala la umeme. Sampuli za 2022 zilijinakili kwenye /dev/shm, yaani ndani ya RAM, kwa hiyo umeme ukikatika na betri zikachoka, nakala hiyo inapotea. Mwenzangu alicheka, kumbe giza letu lina faida! Halina. Ushahidi unapotea nayo, na tundu alilopitia mwizi linabaki wazi.

Kinachonisumbua zaidi ni mazoea yetu ya kupima poti kutoka nje, kuona zimefungwa, na kwenda kulala. Kipimo hicho hakiwezi kuona kitu kisichofungua poti. Amri ya ss -0bp, ukiiendesha kama ruti, inaorodhesha soketi za pakiti, vichujio vyake na programu zinazozimiliki. Jina la programu usiliamini, kwani BPFDoor hujivika majina ya huduma za kawaida. Fuatilia faili lake halisi kupitia /proc, saraka ambamo Linux huonyesha programu zinazoendeshwa.

Juzi tuliijaribu pamoja kwenye seva yangu. Zilitokea soketi mbili. Moja ilikuwa ya DHCP. Ya pili ilikuwa tcpdump niliyoiacha mwenyewe ikizunguka wiki kadhaa, nikaisahau. Mwenzangu aliniuliza ningejuaje kama si yangu. Nilikaa kimya, nikaenda kutafuta kwenye kumbukumbu za seva ni lini niliiwasha.